Mizani Kwenye Uwanja wa Kura

Alhamisi, 10 Oktoba 1974
Nyambeki, jirani yangu, ameteleza tena akipandisha maji kutoka mtoni. Goti limevimba. Kambi yetu ya wachumaji chai: nyumba arobaini, bomba hakuna. Nyumba za maofisa: sita, kila moja na bomba jikoni. Nimepekua daftari zangu za zamani. Mwaka 1963 kambi nzima ilipanga foleni ya kura tangu alfajiri. Mwaka 1969 tulikuwa kumi na mmoja. Diwani atuogopee nini? Jumatatu ni uchaguzi. Nina mpango.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mimi ndimi karani wa mizani. Nimemshawishi Johana, dereva wa lori la majani, tupimie kwenye uwanja wa shule, penye sanduku la kura, badala ya bandani. Mchumaji alete kikapu, apige kura, apimiwe. Johana alisema mzee mwenye akili kama zangu angekuwa amesharudi kwao Kisii. Miaka thelathini na minne niko hapa. Kipkosgei, nyapara wetu, akauliza mbona nacheka peke yangu. Yeye ana bomba.

Jumatatu, 14 Oktoba
Saa mbili. Watu wa ofisi wameletwa kwa Landrova, wakapiga kura, wakarudi kunywa chai.
Saa tano. Wachumaji wamefika, zaidi ya mia, vikapu vimejaa! Nilikaribia kulia. Kisha wote wakapanga foleni kwenye mizani. Kwenye sanduku, hakuna mtu. Nikatangaza: hapimiwi mtu kabla ya kura. Nyambeki, akiegemea fimbo, akaniambia, baba, kura haiungui. Majani yakikaa kikapuni yanapata moto, yanageuka mekundu, kiwandani wanayatupa na siku yangu imekwenda nayo. Au diwani ndiye atanilipa? Watu wakacheka. Sikulegea.
Saa sita. Habari: Kipkosgei ametundika mizani ya akiba bandani. Uwanja ukabaki mtupu. Hata Johana aliwafuata na lori lake. Mimi nikabaki kulinda mizani, nisije nikanyang'anywa na Kipkosgei.
Saa kumi na mbili sanduku likafungwa. Msimamizi wa kura akasema kambi yetu imetoa wanne. Nikamsahihisha: watano, pamoja nami. Nikatoa kadi yangu nimwonyeshe. Haikuwa na muhuri wa kura. Sanduku lilikuwa hatua thelathini tu kutoka nilipokaa.

Jumatano, 16 Oktoba
Diwani yule yule amerudi kitini. Amepita nyumba za maofisa kushukuru, akawaahidi tangi jipya. Kambini hakupunguza hata mwendo wa gari.
Jioni Nyambeki amekuja akichechemea, akaniwekea nusu debe la maji mlangoni. Alisema mzee aliyeshinda juani kwa ajili ya watu hawezi kulala na kiu. Nikanywa. Yalikuwa na tope.
Nimefikiri sana tulikosea wapi, na sasa najua. Mizani ilikuwa moja. Uchaguzi ujao nitaleta mbili.