Msomaji Mmoja wa Ghorofa ya Tano

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Waraka namba tisini na tisa umekwenda! Saa tatu na dakika tano asubuhi, kwa barua pepe, kwa wafanyakazi na wanafunzi wote. "Kutoka Ghorofa ya Tano." Jina nililibuni mwenyewe nilipopewa ukuu wa chuo hiki. Mafanikio saba safari hii. Wakuu wa vyuo vingine hawafikishi matano kwa wiki, na mabweni yao yana maji.

Nimechoka lakini. Mpaka ghorofa ya tano ni ngazi mia moja na mbili, na magoti yangu yana miaka sitini na mmoja. Hupumzika ghorofa ya tatu, nikijifanya nasoma ubao wa matangazo. Kuna mwanafunzi amepoteza kikokotoo tangu mwaka juzi. Tangazo lake nimeshalihifadhi lote, mpaka namba ya simu.

Fanikio la kwanza kwenye waraka: lifti ya jengo la utawala imefufuliwa. Katibu muhtasi wangu aliniuliza, uso mkavu, kama aongeze neno "tena", maana tulishaifufua mara mbili. Nikamwambia fundi ameahidi kesho. Akasema ndiyo maana jengo zima linamwita Fundi Kesho. Nikamwambia achape.

Ijumaa Baraza la Chuo linakaa kuamua kama nipewe muhula wa pili. Nautaka. Nautaka mpaka naona aibu. Nisipopewa nitarudi nyumbani kukaa na mke wangu, ambaye ameshanionya kwamba yeye hapokei waraka.

Saa nane akaja Bwana Kompyuta, anayesimamia mitambo yetu ya barua pepe. Alileta ripoti ambayo sikuiomba. Waliotumiwa waraka: elfu nne na mia mbili. Waliofungua: thelathini na mmoja. Kati yao thelathini waliufunga kabla ya sekunde sita. Nikakaa chini. Nikauliza, na huyo mmoja? Akasema huyo mmoja husoma mpaka nukta ya mwisho. Kila wiki. Wakati mwingine mara mbili. Jina mtambo hauonyeshi, ila anasomea humu humu jengo la utawala.

Nina msomaji! Nimeshuka ngazi zote mia moja na mbili bila kupumzika.


Jumanne, tarehe 5 Machi

Kumtafuta msomaji wangu. Nilianza na katibu muhtasi. Akasema yeye anachapa, na kuchapa peke yake ni adhabu tosha. Mke wangu nilimuuliza wakati wa kifungua kinywa. Akasema anausikia kila Jumapili mezani, kwa sauti, pamoja na vituo, kwa hiyo wa kuusoma tena labda awe na kesi ya kujibu.

Mlinzi wa getini alisema huusoma sana. Nikamuuliza waraka umesema nini wiki hii. Akasema maendeleo. Nikamshukuru hata hivyo.

Nikabuni mtego. Saa sita nikatuma Nyongeza ya Waraka Namba Tisini na Tisa, kurasa nne, kuhusu kupogolewa kwa ua wa michongoma. Aya ya tisa, katikati kabisa, baada ya vipimo vya makasi, nikachomeka sentensi moja: yeyote aliyefika hapa anakaribishwa chai ofisini kwangu kesho saa nne. Asiye msomaji haji. Msomaji lazima aje. Kuna siku najishangaa mwenyewe.

Nimemwagiza katibu muhtasi vikombe viwili vile vyenye mstari wa dhahabu. Akauliza, na asipokuja mtu? Nikamwambia aache roho mbaya.


Jumatano, tarehe 6 Machi

Saa nne kamili mlango ukagongwa. Nilikuwa nimefunga tai mpya. Moyo unanidunda, mtu mzima mimi!

Akaingia Naibu wangu.

Ni vizuri nieleze kwenye shajara hii, ingawa shajara inajua: Naibu ndiye mama anayesubiri kiti changu. Hasemi. Ila anasubiri kwa utaratibu, akiwa na kalamu yake nyekundu. Kwa siri namwita Kalamu Nyekundu. Wanafunzi, nasikia, wananiita mimi Profesa Utepe, kwa sababu ya kukata utepe kila mahali. Hilo najifanya silijui.

Nikadhani amekuja kwa mambo ya mitihani. Akasema amekuja kunywa chai, aya ya tisa. Kisha akaweka jalada mezani, zito, likafanya kijiko kiruke. Ndani yake nyaraka zangu zote tisini na tisa, zimechapishwa, zimepigwa mistari myekundu. Akanionyesha. Lifti: imefufuliwa kwenye waraka wa kumi na mbili, wa arobaini na saba na wa tisini na tisa. Maktaba mpya: imefunguliwa mara mbili, na mara ya pili ulikuwa mlango tu, tena bado haujapata ufunguo. Akasema kwa upole kwamba ni lazima mtu mmoja ajue tunawaambia watu nini. Akanishauri nitume masahihisho kabla ya Ijumaa. Hata aya tatu zingetosha.

Ningepaswa kukasirika. Nilijaribu. Lakini pembeni ya waraka wa sitini na tatu palikuwa na alama mbili, maana yake aliusoma mara mbili. Wa sitini na tatu! Hata mimi sijaurudia huo. Nikajikuta namuuliza ni upi aliupenda zaidi. Akasema chai ilikuwa nzuri.

Alipotoka nikapata akili. Huyu mama anakwenda Barazani na jalada lile! Dawa ni mimi kumtangulia. Mwenyekiti wa Baraza hajawahi kusoma waraka hata mmoja. Anasema macho yake na kompyuta havielewani. Basi nimechapisha namba tisini na tisa kwa herufi kubwa, kwenye karatasi nzito, na dereva ameupeleka nyumbani kwake mkononi. Akisoma mafanikio yote saba kwanza, mistari myekundu itakuja imechelewa.

Katibu muhtasi aliuliza kama tuondoe lile la lifti. Nikamwambia lifti ndiyo inayobeba waraka wote.


Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mwenyekiti amepiga simu! Amesoma wote! Amesema hajui kwa nini amekuwa akinidharau. Sikujua kama alikuwa ananidharau, lakini nikashukuru.

Kisha akasema kilichomgusa zaidi ni lifti. Ana magoti mabovu. Kwa miaka minne Baraza limekuwa likikaa chumba cha chini karibu na jiko la mkahawa, na kila azimio linanuka vitunguu. Sasa kwa kuwa lifti inafanya kazi, kikao cha kesho kitakaa ukumbi wa ghorofa ya tano. Ameshawaarifu wajumbe wote.

Nikashuka ngazi kumtafuta fundi.

Nilimpata Fundi Kesho saa tano. Alifungua kisanduku cha umeme, akaguna, akafunga. Akasema kuna kipuri kinakuja. Nikauliza lini. Sikuhitaji kuuliza. Nikambembeleza, nikamwita mwanangu, nikamwita ndugu yangu, mwisho nikamwita Mhandisi. Hapo akalegea. Akaunganisha waya fulani akitumia gundi ya karatasi na kitu alichotoa mfukoni. Tukaijaribu kwa katoni mbili za nyaraka zangu za zamani. Zilipanda mpaka ghorofa ya tatu, zikatulia, zikafikiri, zikafika ya tano. Kushuka ziligoma, mpaka fundi akaishusha lifti kwa mkono. Fundi akasema kupanda ndiko muhimu. Akaweka masharti: watu wawili tu, na wasitikisike.

Naibu alipita akaona. Akasema bado kuna nafasi. Nimpigie Mwenyekiti nimwambie ukweli, yeye atapanga viti kule chini na kufungua madirisha. Nikamwambia asante, naiona nia yake. Akasema nia yake ni magoti ya mzee.

Mke wangu naye, wakati wa chakula, kasema sentensi yenyewe ina maneno mawili: lifti mbovu. Nikamweleza kwamba mawasiliano ya umma ni taaluma. Akaniongezea maji kwenye glasi.


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa. Sina nguvu ya kupamba.

Mwenyekiti alifika saa tatu, suti ya kijivu, bakora, na waraka wangu ameukunja mfukoni. Wajumbe wengine walitangulia kwa ngazi. Mimi nilikuwa nimepanga kumfungulia mlango wa lifti, nimpungie mkono, kisha nikimbie ngazi. Akanishika mkono. Akasema twende wote, Profesa, hii ni kazi yako.

Tulipita ya kwanza. Tulipita ya pili. Juu kidogo ya ghorofa ya tatu lifti ikatulia, kama zile katoni. Ila safari hii haikumaliza kufikiri.

Dakika hamsini na tano.

Dakika tano za mwanzo nilisema ni jambo la kawaida. Mwenyekiti alivaa miwani, akautoa waraka, akausogeza kwenye taa. Akasoma fanikio la pili, la maktaba, kwa sauti. Kisha akauliza:

"Na hili nalo ni lifti?"

Kwenye chumba cha hatua mbili kwa mbili mtu anatazama wapi? Nikasema ndiyo, Mwenyekiti, hilo ni lifti. La tatu, ushirikiano na chuo cha ng'ambo. Nikasema walituandikia kweli, wakituomba tuache kuwaandikia. La nne, maji mabwenini. Lifti kidogo, nikasema, mabomba yapo. La tano? Lifti kabisa. La sita, ua wa michongoma, lilikuwa nusu. Upande mmoja umepogolewa.

Akafika la saba. Mistari miwili tu, chini kabisa: mfanyakazi wa usafi wa maabara amehitimu shahada ya kemia. Akauliza kwa sauti ya uchovu, hili nalo?

Nikasema hilo ni kweli. Hata mimi nilishtuka kujisikia.

Akauliza alisoma miaka mingapi. Sijui. Alisomaje huku anafanya kazi? Sijui. Nikajiona mdogo sana mle ndani. Ndipo sauti ya Naibu ikapenya kwenye ufa wa mlango, maana alikuwa nje na fundi muda wote. Miaka kumi na moja, Mwenyekiti. Asubuhi anafagia, jioni anasoma. Ni yule tunayemwita Mama Maabara. Alishika nafasi ya pili darasa zima.

Mwenyekiti akaukunja waraka. Kisha akaniuliza kwa nini nimeliweka la saba. Nikasema halikuwa na utepe wa kukata.

Walitutoa kwa kuufungua mlango kwa mikono, Naibu mwenyewe akimshika mzee kiunoni. Mwenyekiti aligoma kupanda na aligoma kushuka. Basi Baraza likakaa pale pale ghorofa ya tatu, kwenye viti vya ofisi ya usajili, chini ya tangazo la kikokotoo. Mimi niliombwa nisubiri ngazi sita chini yao. Dakika tisa ziliwatosha. Sikupewa muhula. Mwisho wa mwezi huu Naibu atakaimu. Jalada lake hakulifungua hata kidogo.

Mwenyekiti alinishika bega. Akasema nakuachia waraka mmoja tu, Profesa, wa mia. Andika jambo moja tu, la kweli. Mwandike yule mama.

Nikaahidi. Nililia kidogo, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, pasipopita watu.


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimemwambia mke wangu. Alinipa pole ya dhati, akanikalia karibu, akanishika mkono kwa muda. Kisha akauliza kama nyaraka za mstaafu zitakuwa za asubuhi au za jioni, ili ajipange.


Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nilikwenda maabara asubuhi na daftari. Mama Maabara alinisimulia nusu saa nzima, ameegemea ufagio. Jinsi alivyokuwa akisoma majina kwenye chupa anazofuta vumbi mpaka siku moja akataka kujua kilichomo. Jinsi mwanawe wa kwanza alivyomfundisha hesabu. Nilimuuliza kama alifurahi kujiona kwenye waraka. Akasema hausomi, ila Naibu alimwonyesha, na jina lilikuwa la mtu mwingine. Nikaomba radhi. Nilimaanisha.

Nikapanda, nikakaa, nikaandika waraka namba mia. Jambo moja tu. La kweli. Lilitoka vizuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

Likaonekana pweke, lakini. Waraka wa mia, jambo moja! Nikaongeza la Ijumaa: Baraza lafanya kikao cha kihistoria ghorofa ya tatu, karibu na wanafunzi. Hilo lilitokea. Nikaongeza la makabidhiano ya uongozi, ambayo nimeyaita ya kupigiwa mfano. Yakafika tisa. Mama Maabara nimempandisha kutoka la saba mpaka la pili, na jina lake ni sahihi. La kwanza ni lifti. Imefufuliwa. Fundi ameniambia kwa mdomo wake mwenyewe: kesho.

Katibu muhtasi alichapa bila kuniuliza kitu. Sijui kwa nini hilo liliniuma.

Saa tano Bwana Kompyuta akapiga simu. Kuna mtu humu jengoni ameufungua na kuusoma mpaka nukta ya mwisho. Amerudia mara ya pili.

Sasa hivi nasikia viatu vyake kwenye ngazi, na anapanda haraka. Nimefunga tai upya. Nimeagiza vikombe viwili, vile vyenye mstari wa dhahabu.