RAM ya Raksha

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Naandika Kiswahili ili mke wangu Raksha, mzaliwa wa Leicester, asisome. Jumamosi klabu ya kompyuta ya wastaafu, hapa Handsworth, inachagua mwenyekiti. Sharti ni moja: mwenye kompyuta ya kasi kuliko zote. Mwenyekiti ndiye anayegawa biskuti. Ogle, dereva wa basi mstaafu, amekikalia kiti miaka mitatu. Mtu niliyekaa naye dawati moja Nairobi! Ananipa mbili. Mbili!

Mpango: kompyuta yangu ina vijiti viwili vya RAM, kumbukumbu inayoipa mashine kasi. Ya Raksha ina kimoja, kikubwa, chekundu. Nitakiazima bila kumsumbua. Vitatu vitashinda viwili. Hesabu rahisi.

Jumanne, 4 Novemba
Raksha kaenda hekaluni. Bisibisi. Dakika nne. Kijiti chekundu ndani! Nikawasha. Pii-pii-pii, skrini nyeusi. Nikakitoa, nikakipuliza, nikakirudisha. Ikawaka! Kumbe mashine nzima imeshuka hadi mwendo wa kijiti cha Raksha, kilicho kizito kuliko vyangu. Aibu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikailazimisha ikimbie mwendo wa vyangu, na zaidi kidogo. Skrini ya buluu. Nikajaribu tena. Buluu.

Raksha karudi, akalalamika kwamba kompyuta yake haiwaki. Nikamwambia ni baridi. Akanikumbusha kwamba Jumapili mjukuu wetu anatimiza miaka mitano huko Toronto, na lazima amwone akikata keki. Nikaapa itakuwa imeshapata joto.

Jumatano, 5 Novemba
Labda RAM ina njaa. Nimeiongezea umeme kidogo kidogo, kama chumvi. Mara PAA! Nikajitupa chini ya meza, nikaomba dua. PAA tena! Raksha akauliza nimelala chini kwa nini, hizo ni fataki za majirani, zinalia kila tarehe tano Novemba tangu tuoane. Nikajibu natafuta miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Mashine ilifanya kazi vizuri muda wote niliokuwa chini ya meza. Nilipotoka tu, ikazima.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekwenda kwa Narinder, mama anayetengeneza kompyuta Soho Road. Akanishauri nitumie vijiti vilivyonunuliwa pamoja, kwa kasi ya kawaida. Aina mbalimbali zikikimbizwa pamoja hukosana, alisema, na mashine huanza kukosea bila hata kukuambia. Nikamshukuru. Mtu mwoga sana.

Mimi nimegundua ugonjwa wenyewe: joto! Nimefunga pakiti ya njegere za friza juu ya vijiti kwa tai yangu ya harusi. Imekwenda dakika ishirini bila kuzima! Mimi ni fundi!

Jumamosi, 8 Novemba
Jaribio lilikuwa kutafuta namba tasa. Ogle alikuja na mashine yake ya kijivu, kimya kama yeye. Mimi na njegere zangu. Nikamwacha mbali! Wazee wakapiga makofi. Nusu dakika ya utukufu.

Kisha skrini yangu ikatangaza kwamba nne ni namba tasa.

“Vinubhai, ndugu yangu,” Ogle akasema kwa upole. “Nne?”

“Inategemea na mtazamo,” nikamjibu.

Ikatangaza na kumi. Njegere zikaanza kuyeyuka, maji yakatiririka mezani, mashine ikakata roho mbele ya watu kumi na wanne. Ogle kabaki mwenyekiti. Alinipa biskuti tatu, moja ya pole. Nilitaka kukataa kwa heshima. Nikazila.

Jumapili, 9 Novemba
Raksha alikiona kijiti chake chekundu ndani ya mashine yangu, kimeviringishiwa tai. Alikikausha, akakirudisha mwenyewe kwa dakika moja, mashine yake ikawaka. Mtoto akakata keki Toronto, akauliza Dada, yaani mimi babu yake, yuko wapi. Raksha akamwambia babu yake yuko jikoni, anapika njegere nyingi. Kweli nilikuwa huko. Nilisikia wimbo wote kupitia ukutani, nikaimba nao, taratibu.

Nimetafakari sana. Narinder alikuwa karibu na ukweli bila kuufikia: aina mbili zikigombana, kinachokosekana ni mpatanishi. Aina ya tatu! Kesho Ogle anakwenda kwa daktari wa macho, na ameniomba nimlishie paka. Vijiti vyake ni vya kijani.