Bahati Iliyoshonwa Kitini

Jumatatu, tarehe 1 Julai

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, hata mama: ndani ya kiti cha Dada Radi mna mawe. Niliyatia mimi.

Si mawe ya hivi hivi. Ni ya Kona ya Machozi, kwenye uwanja wa mbio za magari, pale ambapo magari mengi huchomoka nje na madereva kurudi kwa miguu. Siku moja msimu huu Dada Radi aliwapita watatu palepale, kwa mpigo mmoja, tena upande wa nje! Nilikuwa nimeshikilia uzio. Ardhi ilitetemeka mpaka meno yakagongana. Sijawahi kuona jambo kubwa kama lile likifanywa na mtu ninayemjua, mtu ambaye usiku namsikia akikoroma. Watu walipotawanyika nikaokota jiwe la pale, ukubwa wa ngumi, lingali na joto.

Dada Radi ni binti wa shangazi, na ndiye dereva wetu. Timu ni ya shangazi: gereji moja, gari moja dogo jekundu tunaloliita Kiberiti, Fundi, na tangu nimalize shule, mimi. Wananiita Kimya. Nafua ovaroli na kushona. Kiti cha dereva ni mamlaka yangu. Kifuniko chake nimekishona kwa mkono wangu na mgongoni nimetia zipu. Jiwe likaingia humo, limeviringishwa sponji lisimchome.

Tulikuwa tumeshinda mara tatu mfululizo. Mbio zilizofuata tukawa wa nne. Nikaona wazi: jiwe moja halitoshi! Nikaongeza. Tukawa wa sita. Nikaongeza mawili. Jana wa saba. Leo asubuhi nimeongeza tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Jumatano, tarehe 3 Julai

Fundi amepagawa. Anasema Jumapili mizani ya uwanjani ilionyesha kwamba Kiberiti kimenenepa. Wakaguzi hawakujali. Wao huangalia gari lisiwe jepesi kupita kiasi. Likiwa zito, shauri yako. Fundi akaiita mizani ile mwongo mkubwa, halafu akachukua drili na kuanza kutoboa gari.

Ametoboa pedeli. Ametoboa mlango mpaka umekuwa chujio la chai. Mimi nilishika taa. Kila tundu moja likitoka, anasema bandu bandu huisha gogo. Nilistaajabu. Mikono ile! Chuma kinalia, yeye anakisikiliza kama daktari asikilizavyo kifua.

Akamwambia Dada Radi avue hereni, maana kila gramu ni adui. Dada Radi akamjibu aanze yeye kukivua kitambi. Fundi akasema eti kitambi chake hakijasajiliwa kwenye mbio.

Nilijiuliza: je, yawezekana ni mawe? Nikafikiri kwa makini sana, maana fizikia nilifaulu. Nikajijibu: jiwe likishakuwa la bahati, si jiwe tena. Nikatulia.

Ijumaa, tarehe 5 Julai

Bwana Sabuni amekuja! Ndiye anayetulipia matairi na mafuta, na jina la sabuni yake limeandikwa ubavuni mwa Kiberiti kwa herufi kubwa kuliko dirisha. Alisimama akitazama mlango. Matundu ya Fundi yamekula herufi mbili. Hakupendezwa.

Akamwambia shangazi kwamba anauheshimu undugu wetu, lakini gari la saba haliuzi sabuni. Msimu ujao anataka kuingia daraja la juu, kwenye magari makubwa. Basi keshokutwa tukikosa tatu bora, kiti cha Dada Radi kitakwenda kwa mpwa wake, kijana aliyesomea udereva ng'ambo. Shangazi akamuuliza, kwa adabu zote, tangu lini mpwa akaacha kuwa ndugu. Bwana Sabuni akatazama saa yake.

 Dada Radi aliweka mkono juu ya paa la Kiberiti, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Wiki nzima anakula matango tu ili apungue. Akiona mkate anageuka ukutani.  

Nimeapa. Kiti kile hakimtoki. Mawe madogo yamefika mwisho wake. Lahitajika kubwa.

Jumamosi, tarehe 6 Julai

Nilimwambia mama nakwenda kununua uzi. Nikaenda uwanjani.

Mlinzi wa lango akaniuliza nataka nini. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima njiani. Ikayeyuka. Nikasema: jiwe. Akauliza jiwe gani. Nikasema: kubwa. Akasema binti yake naye yuko hivyo hivyo, akanipeleka mwenyewe hadi Kona ya Machozi na kunisaidia kuchagua. Alikuwa na jicho zuri. Mimi nilikuwa naelekea kuchukua la ovyo.

Ukubwa wa mkate mzima. Akalibeba hadi langoni. Kutoka hapo mkoba wangu wa shule ulikatika mikanda yote miwili, nikalikumbatia mpaka gereji kama mtoto mchanga. Zipu ilikataa kufunga. Niliipigia goti ikakubali.

Uzi sikununua. Mama hakuuliza.

Jumapili, tarehe 7 Julai

Wa kumi.

Lakini ungeona! Mvua ilinyesha katikati ya mbio, magari yakawa yanapita kwenye moshi wa maji, huoni gari, waona taa tu na kishindo. Kiberiti kikatokea humo ndani kikiwa kinaburura tumbo kama mbuzi mjamzito, na bado Dada Radi akakiingiza konani bila kuteleza hata unywele. Mzee mmoja kando yangu akaniambia dereva yule ni wa ajabu, gari ndilo linalomwangusha. Nilitaka kumwambia ni dada yangu. Nikakohoa.

Alipotoka garini alivua helmeti, akamwomba shangazi msamaha. Shangazi akamwambia asiseme upuuzi, aje ale. Hakuja.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Mpwa ameletwa kujaribiwa. Nilijiandaa kumchukia. Ni kazi ngumu: mnene, mchangamfu, alinisalimia mimi kabla ya kuwasalimia wakubwa na akanishukuru kwa chai. Amekuja na kiti chake mwenyewe, kilichopimwa kwa mgongo wake. Fundi akang'oa cha Dada Radi kwa winchi tunayoinulia injini, bila hata kugeuka, kwa kuwa alikuwa anamkaripia Mpwa asikanyage nyaya.

Tukaenda uwanjani. Mpwa akazunguka.

Kiberiti kikaruka! Sina neno jingine. Kilipita mbele yetu kikipiga mluzi kwenye matundu yote ya Fundi, na Fundi akaiangusha saa ya kupimia. Hatujapata muda kama ule tangu msimu uanze. Mpwa mwenyewe alipotoka alikuwa ameduwaa kuliko sote. Aliuliza kama ndiyo basi, kumbe ni rahisi hivi?

Dada Radi akampigia makofi. Kisha akaenda nyuma ya rundo la matairi. Nilimfuata. Alikuwa amekaa amenipa mgongo, na mgongo ulikuwa unacheka, au haukuwa unacheka. Nikasimama pale na chupa ya chai. Nikarudi nayo.

Nimeelewa kilichotokea. Bahati ya mawe imelowea ndani ya bodi, na sasa inachotwa na mtu mwingine. Nimelima mimi, anavuna Mpwa! Kesho nitakirudisha kiti cha Dada Radi kwa siri.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Sikuwahi.

Nilipofika gereji, shangazi alikuwa tayari amemwambia Fundi ampe Dada Radi kiti chake aende nacho nyumbani, awe na ukumbusho. Bwana Sabuni na Mpwa walikuwepo. Fundi akainama, akakishika kiti kwa mkono mmoja. Kiti hakikuondoka. Akakishika kwa miwili. Akauliza kwa sauti kiti hiki kimekula nini. Akavuta kwa nguvu.

Zipu ikapasuka.

Lile kubwa lilitangulia, likalikosa dole gumba lake kwa upana wa ukucha. Mengine yakafuata moja moja, bila haraka, yakibiringika chini ya Kiberiti, chini ya meza, moja likaenda kusimama mbele ya kiatu cha Bwana Sabuni. Fundi akayatazama. Akautazama mlango alioutoboa. Akakaa chini, palepale sakafuni, drili mapajani.

Shangazi akasema polepole, bila kumtazama mtu, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Wote wakanigeukia. Nilifungua mdomo. Nilikusudia kusema kweli, naapa. Haikutoka hata pumzi.

Ndipo Dada Radi akasema mawe ni yake.

Alisema hivyo huku anavaa glavu. Eti alikuwa anafanya mazoezi ya uzito, kama wakimbiaji wanaofunga mchanga miguuni. Siku ya kuufungua, wanapaa. Alisahau kuufungua, basi. Aliongopa kwa utulivu ule ule anaoingilia konani. Nilipigwa na butwaa. Kumbe ushujaa si wa garini tu!

Bwana Sabuni akasema hajawahi kusikia ujinga kama huo. Mpwa akasema yeye amewahi, ng'ambo, na mara nyingi. Akang'oa kiti chake mwenyewe.

Kiti cha Dada Radi kikafungwa kikiwa kitupu. Jioni, uwanjani, Dada Radi aliuvunja muda wa Mpwa mara tatu, kila mara akiuvunja na wake mwenyewe. Mpwa akamwambia mjomba wake kwamba angependelea kuuza sabuni. Bwana Sabuni akasema haya, mbio moja. Jumapili. Tatu bora au kila mtu ashike njia yake.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Nilikuwa nafua. Dada Radi akaja na mkate, akakaa juu ya ndoo, akaula wote mbele yangu.

Akaniambia alijua palepale. Hakuna mwingine duniani anayeshona mishono midogo kama ile, tena kwa ajili ya jiwe. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini. Nikamwonyesha kwa mikono: wewe, kona, wale watatu. Machozi yakanimaliza. Akasema, mdogo wangu, miaka yote hii hajui hata sauti yangu ya juu ikoje. Nikitaka kumpa bahati, Jumapili nipige kelele. Nikamnong'oneza kwamba hatasikia, injini itanifunika. Akasema atasikia.

Jiwe la kwanza amelichukua. Analiweka dirishani kwake.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Nilisimama pale pale, Kona ya Machozi. Mlinzi wa lango alinipa nafasi mbele, akaniuliza kama leo nataka jingine. Hadi mizunguko ya mwisho Kiberiti kilikuwa cha tatu. Tatu ingetosha! Ingetosha kabisa, kiti chake, timu, kila kitu. Mtu mwenye akili angeilinda hiyo tatu kama yai.

Nikawaona wanakuja. Wawili mbele, yeye nyuma yao, na badala ya kupunguza mwendo akatoka upande wa nje. Tena! Mluzi wa matundu ya Fundi ulipanda ukawa kama ndege wengi wameruka kwa pamoja. Vumbi likasimama. Sikuona kitu.

Nikapiga kelele. Mwanzo ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Kisha ikafunguka, sijui ilikuwa imekaa wapi siku zote hizo, ikatoka NENDA RADI! mpaka mlinzi akashika kofia yake. Na Kiberiti kikatokea upande wa pili wa vumbi, peke yake, cha kwanza.

Wa kwanza! Fundi alilia akaubusu mlango wake. Shangazi alimkumbatia Bwana Sabuni bila idhini yake. Dada Radi alipovua helmeti akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, akagusa sikio lake.

Alisikia. Anaweza kuwa anaongopa. Si ndiye yule wa mazoezi ya uzito? Lakini nimeamua alisikia.

Jumatatu, tarehe 15 Julai

Bwana Sabuni ametia sahihi. Msimu ujao, daraja la juu! Shangazi amenunua kufuli ya zipu mpya ya kiti, na ufunguo anakaa nao yeye. Ni haki.

Nimekaa nikajichunguza kwa uaminifu, maana mtu akikosea lazima ajifunze. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Uzito! Bahati ni lazima iwe nyepesi. Hata fizikia inakubali.

Kwa hiyo leo nimerudi Kona ya Machozi. Chini ya uzio kuna manyoya ya ndege, laini, meupe, yaliyokuwepo siku zote mbili alipowapita watu upande wa nje. Mlinzi ameniokotea mfuko mzima. Nimeyashonea kifuko cha kitambaa, mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona. Ukikishika mkononi huhisi kitu.

Kitini siwezi tena. Lakini Fundi aliwahi kunionyesha, mbele kabisa, chini ya boneti, bomba ambalo injini huvutia pumzi. Akasema gari ni kama mtu, bila pumzi halifiki popote. Mahali pazuri namna ile, na hapakuwa na kitu ndani yake! Kiberiti kitakuwa kinavuta bahati safi kila kikipumua. Nimekisukuma kifuko mpaka ndani. Kimekaa barabara kama kilichopimwa, hata kidole hakipiti.

Wewe peke yako ndiye unayejua. Tafadhali usimwambie Fundi, wala shangazi. Na Dada Radi hasa usimwambie. Nataka ashtuke mwenyewe kwenye mbio za Jumapili ijayo.