Jaji wa Tatu na Mgongo Namba Tisa

Jumatatu, 4 Agosti

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema tuandike kila siku, hata mistari mitatu. Leo ninayo mingi.

Binti yangu anaitaka ile kamera. Hasemi, lakini mama haambiwi, mama anaona. Ni kamera kubwa ya chama cha wapiga picha. Inakaa kabatini kwenye ukumbi ninaofagia na kupika chai. Mshindi wa shindano anakaa nayo miezi mitatu. Binti anafanya kazi duka la picha za pasipoti. Kutwa anapiga nyuso za watu walioambiwa wasicheke. Kamera ya duka anaazimwa Jumamosi tu. Akiipata ile kubwa atachukua kazi zake mwenyewe, za watu wanaocheka.

Nimemuuliza kapeleka picha gani. Kasema ni siri, majaji huona namba tu, hawaoni majina. Nikamwambia mimi si jaji, mimi ni mama. Akacheka, akaenda zake kuoga.

Nikapekua mkoba wake. Kitana. Nusu mkate. Jiwe. Jiwe la nini, Mungu ndiye ajuaye.

Msusi naye kaingia shindanoni! Jirani yetu wa ukuta mmoja. Kanitangazia juu ya ua, eti shoga, safari hii mtanitambua. Kanunua kamera juzi tu, tayari anaongea na mwanga kama mtu na shemeji yake.

Jumatano, 6 Agosti

Milango imefunguka! Jaji wa tatu kateleza bafuni, mguu uko kwenye plasta. (Pole yake. Nimemwombea.) Katiba ya chama inataka majaji watatu, na mmoja awe mtu wa nje, mwenye "jicho la kawaida". Mwenyekiti kazunguka ukumbi mzima akitafuta jicho la kawaida. Akalikuta limeinama na ufagio.

Huniita Mama Chai. Miaka sita hajui jina langu, wala kama nina mtoto au paka. Kaniuliza kama naona vizuri. Nikamwambia naona mpaka yasiyonihusu. Kasema inatosha.

Masharti mawili. La kwanza, mtu yeyote asijue jaji wa tatu ni nani. Kasema ni kwa heshima ya shindano. Maana yake wanachama watacheka. La pili, jaji asiwe na ndugu shindanoni. Hapo nikakohoa. Kukohoa si kusema uongo.

Sasa, picha ya binti ni ipi? Nimefikiri mpaka chai ikachemka ikamwagika. Nikakumbuka! Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa nafua bombani uani. Nikageuza shingo. Binti kalala kifudifudi vumbini, kamera usoni. Na mbele ya kamera nani? Jogoo wa Msusi! Yule tunayemwita Meneja, kwa sababu anatembea kifua mbele na kazi hana. Jumamosi ya pili, vilevile. Binti kalala, Meneja mbele yake.

Basi ni jogoo. Itaniuma. Meneja kala mchicha wangu wote na kuniamsha alfajiri miaka minne. Lakini kwa mtoto hata adui anapewa alama kumi kwa kumi.

Ijumaa, 8 Agosti

Picha ishirini ukutani. Majaji tulikuwa mimi, Mwenyekiti, na Bwana Harusi, mpiga picha za harusi kutoka mji mwingine. Huyu anatembea mikono nyuma kama daktari wodini. Katibu alifuata na kalamu akiandika kila tulichosema.

Lugha yao nimeishika upesi. Husemi picha nzuri. Unasema jicho linaingia hapa, linapumzika pale. Langu lilikuwa limeshaingia zamani, linatafuta jogoo.

Kwenye picha ya kiti kitupu tulisimama mpaka miguu ikaniwaka. Bwana Harusi kasema kiti kinamsubiri mtu. Mwenyekiti kasema la, mtu ndiye anakisubiri kiti. Mimi nikasema mguu wa nyuma umevunjika. Wakasogea. Kweli umevunjika! Bwana Harusi akaniinamia kidogo, akasema mama huyu ana jicho. Kuanzia hapo nilikuwa sishikiki.

Namba saba ilikuwa kichwa cha misuko. Nikamjua mwenyewe papo hapo. Msusi! Nikampa moja, nikasema njia za misuko zimepinda kama barabara ya mkandarasi mwizi. Katibu akaandika yote.

Namba tisa. Mgongo wa mwanamke kainama kwenye beseni, mvuke unampanda, uso hauonekani. Wenzangu wakahema wote wawili. Bwana Harusi akavua miwani akaifuta. Mwenyekiti akasema mgongo huu umebeba nyumba. Tisa! Na huyu tisa! Nikaona jogoo wangu anachinjwa mbele ya macho yangu.

Nikafungua mdomo. Nikasema gauni limepanda, shumizi inachungulia. Kilemba kimekaa kama kuku anayetaga. Nikauliza, mwanamke huyu hana mtoto wa kumwambia? Angejiona angekimbia, lakini ndiyo hivyo, nyani haoni kundule. Gauni lenyewe la maua kama langu la kufulia, ila langu ni la kijani, hilo ni la kijivu. Picha nzima ya kijivu! Hata rangi wameona uvivu kutia. Nikatoa mbili. Moja ya mvuke, moja ya huruma.

Namba kumi na nne. Meneja! Juu ya tofali, kifua mbele, mdomo wazi. Bwana Harusi akapiga mwayo, akasema jogoo ni jogoo, sita. Mwenyekiti tano. Nikasimama imara. Nikasema jicho linaingia kwenye upanga wa kichwa, linateremka shingoni, linapumzika mkiani, halitaki kuondoka. Nikasema hata mlio nausikia. (Nausikia kila siku.) Kumi!

Katibu akajumlisha. Jogoo ishirini na moja. Mgongo ishirini. Alama moja tu! Nimerudi nyumbani naimba. Binti kauliza kuna nini. Nikamwambia ukumbi leo ulifagika vizuri.

Jumapili, 10 Agosti

Andika, kalamu, hata kama mkono hautaki.

Ukumbi ulijaa. Nilivaa gauni la sikukuu chini ya aproni, nikawa nazungusha chai, macho kwa binti. Mwenyekiti akatangaza: mshindi, namba kumi na nne, jogoo. Nikaweka birika chini nipige vigelegele.

Akainuka Msusi.

Sikuelewa. Nikadhani kainuka kumpisha binti. Akapita mbele. Akapewa kamera. Akalia, akamshukuru Mungu, akamshukuru Meneja. Vigelegele vilikuwa vimeshanitoka, havirudi. Watu wakasema tazama majirani wanavyopendana.

Binti alipiga makofi kwa ncha za vidole. Picha yake ilikuwa ya pili. Ipi? Sikuthubutu kukumbuka ya pili ilikuwa ipi.

Kwenye meza za chai watu hawana habari nyingine ila jaji wa tatu. Mmoja kasema mkali yule, lazima kasomea ng'ambo. Mwingine kasema anamjua, ni mtu mrefu, mvuta kiko. Nikawamiminia.

Jumatatu, 11 Agosti

Binti kanikuta namenya viazi. Kabla hajaketi nikaanza mimi. Nikasema yeyote aliyekunyima kamera ile na avimbe ulimi, hana akili, hana macho, hana mama. Kasema asante, Mama. Akatoa karatasi. Kila mshiriki hupewa maoni ya majaji, bila majina.

Kasoma: mgongo huu umebeba nyumba. Kisu kikasimama kwenye kiazi.

Kasoma ya jaji wa tatu. Shumizi inachungulia. Kilemba kimekaa kama kuku anayetaga. Hana mtoto wa kumwambia? Nyani haoni kundule. Alisoma polepole, kama mtu anayehesabu miiba mguuni.

Nikauliza, kwa sauti ya panya, mwanamke mwenyewe ni nani. Akatoa picha bahashani, akaiweka kando ya maganda. Kasema, Mama, ni wewe.

Miaka hamsini na miwili, sijawahi kuuona mgongo wangu. Nani anauona wake? Kumbe si mbaya. Umelalia kushoto kidogo, upande niliombebea yeye. Nikasema lakini gauni langu ni la kijani. Kasema picha nyeusi na nyeupe haina kijani, Mama. Nikasema na jogoo je, nilikuona kwa macho yangu unampiga jogoo. Kasema jogoo alikuwa kati yetu. Kila akitaka kunipiga picha mimi, Meneja anapita mbele, kifua nje. Mpaka Jumamosi ya pili akaenda na jiwe la kumtishia.

Jiwe!

Halafu akakunja karatasi. Akaniangalia. Kasema duniani yupo mtu mmoja tu anayesema kilemba kimekaa kama kuku anayetaga. Nikasema pengine jaji naye ana mama kama mimi. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Kasema mimi nakujua kwa mgongo, Mama, na hata kwa maandishi ya Katibu. Wewe hujijui hata nikikutundika ukutani. Kanikataza kumwambia mtu. Wakijua, wataita wizi. Wizi gani huo, tumejiibia wenyewe! Kaniapisha: nisimsaidie tena. Nikiombwa ujaji tena, nikatae. Nimeapa, mkono juu ya viazi.

Jumatano, 13 Agosti

Msusi kaning'iniza picha ya Meneja barazani, kubwa kama mlango. Wateja wanasukwa wakimtazama. Kanipazia sauti juu ya ua, eti shoga, hata jaji wa ng'ambo kamkubali jogoo wangu, wewe unamrushia maganda. Meneja sasa haniamshi alfajiri tu, anarudia adhuhuri.

Binti ananisalimia vizuri mno. Bora angenuna. Leo kasema shikamoo kama anamwamkia mkuu wa kituo.

Nimepata njia! Na si kumsaidia, ni kutengeneza nilipoharibu. Ni tofauti kabisa. Nimeandika barua kwa chama, bila jina, kwa mkono wa kushoto. Nimesema jaji wa tatu ni mjinga, ana chuki na akina mama wafuaji, alama zake zifutwe. Nimehesabu: wakizifuta, mgongo una kumi na nane, jogoo kumi na moja. Nimeisukuma chini ya mlango wa ofisi, kisha nikaingia kufagia.

Alhamisi, 14 Agosti

Mwenyekiti kaniita ofisini. Kafunga mlango. Barua mkononi. Kasema kuna mtu kakutukana, Mama Chai, mwandiko wenyewe wa mtu asiyesoma, tazama. Nikatazama. Kasema kwa katiba, jaji akilaumiwa anajibu mwenyewe kwa maandishi, kabla ya kesho.

Nilitaka kujibu kwa upole, nikubali kosa, alama zifutwe, mambo yaishe. Nikaisoma upya nipate pa kuanzia. Mjinga? Mimi? Mtu hata jina kaogopa kuweka! Damu ikapanda. Nikajijibu kurasa mbili. Nikasema mwandishi huyu angekuwa na haja ya haki angekuja mchana kweupe. Nikasema alama zangu nazisimamia mpaka kaburini. Nilipomaliza nikajisikia mwepesi sana. Mwepesi mpaka mlangoni.

Hapo nikakumbuka nilitaka kushindwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Jibu langu limesomwa kikaoni. Wamepiga makofi. Barua isiyo na jina imetupwa kwenye pipa langu la taka, nimeitoa mwenyewe. Jogoo anabaki mshindi.

Mwenyekiti kaja jikoni baadaye, kafunga mlango tena. Kumbe ile picha ya misuko, namba saba, aliipiga mkewe, si Msusi. Kasema yeye miaka yote anampa mkewe alama nyingi kwa ajili ya amani ya nyumbani. Safari hii kamwambia ni jaji wa tatu aliyekuangusha, mke wangu, mimi nifanyeje? Kalala vizuri mara ya kwanza tangu chama kianze. Anataka niwe jaji wa tatu wa kudumu. Shindano lijalo ni Novemba, kamera inarudi, inashindaniwa upya.

Nikakataa. Nilikataa palepale, Mungu shahidi. Akasema tafadhali. Nikakubali.

Binti sijamwambia. Nitamwambia Novemba, akiwa na kamera mkononi, tutacheka. Maana sasa siwezi kukosea. Nimekopa kioo cha mkono, nimesimama mbele ya kioo cha kabati, nimeusoma mgongo wangu mbele na nyuma. Kitakachotundikwa Novemba kikiwa na mgongo, kumi. Mgongo wa mtu, wa punda, wa kiti, kumi! Na nikiona jogoo, mbili. Moja ya manyoya, moja ya huruma. Namwacha Msusi alie.

Tangu asubuhi nafua nimegeukia ukuta, kilemba nimekinyoosha, shumizi nimeificha, nimpe nafasi mwanangu. Hakuja hata mara moja. Karudi jioni kachangamka, vumbi magotini, unyoya mwekundu nyweleni. Kumbe kutwa nzima alikuwa barazani kwa Msusi na kamera ya duka, kalala kifudifudi.

Sijui kule anatafuta nini. Mgongo wangu uko huku.