Mlinzi wa Mlango Mdogo na Meza ya Nne

Jumanne, 22 Mei

Jumanne! Siku ya bahati. Karibu miaka mia tano iliyopita, Jumanne moja ya Mei, jeshi la Sultani lilishindwa kuingia Konstantinopoli, na tangu hapo hakuna mtu wa mji huu anayefunga ndoa, kununua mbuzi wala kung'oa jino siku nyingine. Ndiyo maana barua ya Ofisi ya Itifaki nimeifungua leo, ingawa ilifika Jumamosi.

Meza ya kumi na tisa. Kiti cha sita. Nyuma ya nguzo.

Tena! Mwaka wa ishirini na mbili mfululizo. Na mwaka huu Sikukuu ya Tarehe Ishirini na Tisa inaangukia Jumanne yenyewe, jambo la nadra. Kaisari atakula ukumbini na watu mia mbili na ishirini na wanane, na mimi nitakula na nguzo. Meza ya nne kapewa nani? Theofilaktos, Mlinzi wa Mnyororo wa Bandari. Kazi yake ni kuupaka mafuta mnyororo ambao haujazuia hata mtumbwi tangu enzi za mababu. Ana wasaidizi saba. Ana kofia ya mahameli.

Mimi ni Mlinzi wa Mlango Mdogo. Mlango wenyewe uko chini kabisa ya ukuta, na mtu mnene hapiti. Wakati wa kuzingirwa askari waliusahau wazi. Babu yangu wa kumi na nne, aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake, akaufunga. Basi, mji ukapona. Kaisari wa siku hizo akampa ufunguo, yeye na kizazi chake. Bila babu yangu hakuna Kaisari, hakuna mnyororo, hakuna kofia ya mahameli. Kizazi, hata hivyo, kinaishia kwangu.

Sitaki makuu. Nataka kiti chenye mtu kushoto na mtu kulia. Tangu dada yangu Makrina afariki, miaka kumi na moja sasa, nakula nikitazama kabati. Nimeamua kupigana.

Jumatano, 23 Mei

Nimeandika ombi, kurasa kumi na moja. Nimetumia mbinu mpya. Sikueleza kilichotokea, nimeeleza ambacho kingetokea! Je, kama babu angempata mbuzi wake mapema na kwenda zake nyumbani?

Nimewaza mpaka nikajiogopesha mwenyewe. Sultani angeingia. Mji ungepewa jina jingine. Makaisari wangekwisha. Wageni wangetoka nchi za mbali kuja kuzipiga picha kuta zetu, na kanisa letu kuu la Agia Sofia watu wangeingia kwa tiketi. Watu wetu wangebaki wachache, kila mwaka wachache zaidi, wazee wanaofungua makanisa asubuhi na kuyafunga jioni bila kuingia mtu. Na Jumanne ingekuwa siku ya mkosi! Sehemu ya wale wazee niliiandika haraka kuliko zote. Sijui kwa nini ilinijia kirahisi vile.

Nimempelekea Pulheria, karani wa Itifaki. Alisoma mbele yangu. Alipofika kwenye tiketi akawaita wenzake chumba cha pili. Walipofika kwenye Jumanne, mmoja ilibidi akae chini kwa kucheka. Pulheria akafuta machozi, akaniambia kwa upole kwamba ofisi haimpandishi mtu meza kwa mambo ambayo hayakutokea. Mnyororo, akasema, uliwazuia maadui waziwazi, meli zilionekana zikigeuka. Mlango uliofungwa nani aliuona? Nikamwambia hiyo ndiyo hoja yangu. Akasema ndiyo hoja yake pia.

Kurasa kumi na moja! Nimerudi kwa miguu.

Ijumaa, 25 Mei

Mpango wa pili, na huu ni wa akili kweli. Kama mlango uliofungwa hauonekani, basi uonekane wazi! Watu watapiga kelele, mji utataharuki, nami nitajitokeza na kuufunga mbele ya mashahidi.

Saa sita mchana nimefungua, nikajificha nyuma ya mtini. Nikasubiri taharuki.

Waliingia mbuzi wawili. Akafuata bibi mmoja na kapu la figili, akasimama, akatazama huku na huku, akashukuru Mungu kwa njia ya mkato. Akafuata mtu wa posta. Kufikia saa tisa kulikuwa na foleni pande zote mbili, na mtu mmoja kaanza kuuza mikate ya ufuta. Hakuna aliyepiga kelele. Nilipotoka nyuma ya mtini nikisema kwa sauti kuu kwamba naufunga mlango na kuuokoa mji, yule bibi wa figili akanijibu:

"Mjomba, hebu subiri kwanza, dada yangu yuko njiani."

Nikamsubiri dada yake. Ningefanyaje? Dada mtu alinipa figili tatu. Walikuwa wengi, wakipiga soga pale mlangoni kwangu, na nusu saa hivi nilisahau kabisa kwamba mpango umeharibika. Halafu nikafunga. Wakatawanyika, kukawa kimya kama kawaida.

Nasikia wanawake wa mtaa wamepeleka ombi Itifaki kwamba mlango uwe wazi kila siku. Ukurasa mmoja tu, na limepokelewa.

Jumapili, 27 Mei

Baada ya ibada Theofilaktos akanivizia kwenye ngazi za kanisa. Kofia ya mahameli katika joto hili! Akaniuliza habari za mbuzi. Kumbe mji mzima unajua. Nikamjibu lilikuwa jaribio la kiusalama.

Akacheka, akanishika bega. Akasema yeye na wale wasaidizi wake saba hula pamoja kila Jumapili nyumbani kwake, kuna kondoo, kuna kelele nyingi, na mimi niende.

"Nafasi ipo, mzee mwenzangu. Tukibanana kidogo tu."

Nilimng'amua mapema. Anataka nishibe nyama yake ili nione haya kumnyang'anya meza. Nikamwambia nina wageni nyumbani. Akanitazama kidogo, akasema sawa, siku nyingine.

Nimekula dengu. Kwa kuwa nilisema nina wageni, niliweka sahani mbili. Ilionekana vibaya zaidi, nikairudisha moja.

Jumatatu, 28 Mei

Nimegundua! Nimekisoma kitabu cha Itifaki tangu asubuhi hadi macho yakauma, lakini nimegundua.

Niandike vizuri utaratibu wa kesho. Saa sita kamili mjumbe wa Waturuki, anayetoka mji wao wa Edirne, anagonga Mlango Mdogo kwa nje, mara tatu. Mimi nipo ndani. Nasema neno moja: "Umefungwa." Kisha navuta kengele ya mnara, kanisa la jirani linaipokea, na la pili, mpaka ikulu. Mjumbe anazunguka ukuta kwa miguu hadi Lango Kuu, anapokewa kwa heshima, anakula na sisi. Amani kamili, kila mwaka.

Mjumbe ni yuleyule, Nureddin, miaka yote ishirini na miwili. Sijawahi kumwona, hata ukumbini nguzo inanizuia. Anagonga, nasema, anakohoa, anaondoka. Kikohozi chake nakijua kuliko sura za majirani. Mwaka juzi kilikuwa kibaya, nikawaza wiki nzima.

Sasa ugunduzi wenyewe, ukurasa wa mia mbili na tatu: Kaisari hashiki kijiko mpaka kengele ifike. Hashiki! Kwa hiyo kesho sitajibu. Supu itapoa mbele ya watu mia mbili na ishirini na wanane mpaka waniletee meza ya nne kwa maandishi.

Nimemdokeza Pulheria kwamba kesho huenda koo langu likawa na matatizo yanayotibika kwa karatasi. Amenitazama kama mtu aliyeona mbuzi juu ya meza.

Jumanne, 29 Mei

Naandika haya jioni. Viatu vinanibana bado.

Saa sita. Gonga, gonga, gonga. Nimekaa kimya. Akagonga tena. Kimya. Nilikuwa na furaha mbaya, kama mtoto aliyejificha.

Saa sita na nusu akaita kwa sauti yake mwenyewe. Sikuwahi kuisikia ikisema kitu.

"Bwana mlango? Ndugu yangu, u mzima?"

Sikujibu. Akasema kama nimeanguka nigonge hata kwa kisigino, atawaita watu. Kisha nikamsikia akikaa chini, akiugulia magoti. Akaanza kuongea na mlango, taratibu. Kwamba huu ni mwaka wake wa mwisho, mwakani atakuja mkwewe. Kwamba magoti yamekwisha, ule mzunguko hadi Lango Kuu hauwezi tena. Kwamba mke wake amemfungia boreki, ule mkate wa tabaka wenye jibini, bado laini, ya kuwatosha wawili.

"Mimi hiyo ikulu siitaki. Kila mwaka nawaza, yule bwana wa ndani yukoje? Ana ndevu? Fungua basi tule hapahapa. Mji hautaanguka kwa boreki."

Niseme ukweli, shajara hii haina msomaji. Nililia. Tangu Makrina hakuna aliyeniuliza kama mimi mzima. Niliweka mkono kwenye komeo. Nililisogeza, nusu nzima! Harufu ya jibini ilipita kwenye ufa, nami nilikuwa natafuta neno la kuanzia, maana baada ya miaka ishirini na miwili unaanzaje na mtu?

Hapo ndipo, saa nane, Pulheria akatokea, kashika viatu mkononi, nywele zimetimka, gari la Itifaki likinguruma juu barabarani. Akanitupia karatasi. Meza ya nne! Kiti cha pili! Muhuri mwekundu! Akasema supu imeganda, Kaisari amekwishapiga miayo mara mbili, nami niseme hilo neno kabla yeye Pulheria hajanisemea.

Nikarudisha komeo. Nikavuta pumzi.

"Umefungwa!"

Sijawahi kulisema vizuri hivyo. Nikavuta kengele. Ilipotulia nikamsikia Nureddin akiinuka, polepole, kwa vituo.

"Haya," alisema. "Alhamdulillahi, kumbe u mzima."

Akakohoa, akaondoka. Nami nikapanda gari la ikulu kwa mara ya kwanza maishani.

Meza ya nne iko mbele kabisa, chini ya taa kubwa. Ina viti tisa. Nilikaa kiti cha pili, nikanyoosha kitambaa, nikasubiri majirani. Hawakuja. Pulheria akaja kunieleza kwamba, ili kunipa nafasi, ilibidi Theofilaktos ahamishiwe ya kumi na tisa. Hakugomba. Ila wasaidizi wake wote saba wakabeba sahani zao wakamfuata, wamezoea kula pamoja. Kiti kilichosalia, kile cha kushoto kwangu, kilikuwa na kadi. Nikaisoma. Nureddin, mjumbe wa Edirne.

Kumbe huwa anakaa pale. Watu wakamsubiri hadi saa kumi. Kisha akaja mtumishi kusema mjumbe alishindwa njiani kwa magoti, amepanda gari la moshi kurudi kwao, anaomba radhi.

Nikala supu ya Kaisari, baridi, na viti vinane vitupu. Nyuma ya nguzo walikuwa wanacheka sana. Nadhani walimweka mtu juu ya meza kuimba. Nilijaribu kujua wanacheka nini, lakini ukiwa meza ya nne huwezi kuona nyuma ya nguzo.

Jumatano, 30 Mei

Nimeamka mapema, nikafungua mlango. Kwa nje, pale kizingitini, Nureddin alikuwa ameniachia nusu ya boreki. Nimejua kwa kitambaa. Mbuzi walitangulia, boreki imekwisha, hata kijipande. Kitambaa kimetariziwa maua ya bluu pembeni. Nimekifua, nimekianika juu ya mtini.

Nikafunga tena. Kisha nikasimama pale ndani, nikasema kwa sauti kwamba mimi mzima. Nikarudia mara tatu hivi, na kwamba ndevu ninazo, fupi. Hakukuwa na mtu, bila shaka. Walikuwa wale mbuzi tu.

Theofilaktos amepita saa nne. Hana hata kinyongo, jambo linalotia shaka sana. Ameniambia Jumapili kuna kondoo. Nimemwambia nina wageni.

Maana sasa nimelielewa kosa langu. Nimekaa na mpango wa viti wa ukumbi mzima na nimelipata. Meza ya nne si meza! Viti vyake vimeachana mno. Meza ya tatu ina viti kumi na viwili na imepakana na ya pili, watu hawana pa kuhamia, watake wasitake watakaa. Mwakani nisipojibu kwa saa nne badala ya mbili, watanipa. Huyo mkwe wa Nureddin nasikia ana magoti mazuri, atasubiri.

Nimeshaanza ombi. Kurasa kumi na tatu. Karatasi nimeitandika juu ya kitambaa cha maua ili wino usichafue meza, na naandika nikitazama kabati.