Nitaingia Nimeshika Usukani

Ijumaa, 6 Desemba

Tumeondoka chuoni, watu watatu ndani ya gari kuukuu. Mrefu, mwenye gari, anaendesha. Wakili, ambaye bado anasoma sheria lakini anahukumu tayari, kakaa mbele kwa hoja kwamba akikaa nyuma hutapika. Mimi nyuma, nimebanwa na magodoro yao. Nimepinga. Nimesema cheo hakitolewi kwa vitisho. Wakili kanijibu nikate rufaa.

Hawajui lililo moyoni. Baba yangu anafundisha udereva tangu sijazaliwa. Nusu ya mji wetu imepita mikononi mwake, na mimi kifungua mimba wake sijui hata kuondoa gari. Kila aliponifundisha, tuliishia kubishana. Sasa katangaza kwamba amechoka, chuo chake cha udereva atamwachia anayestahili. Binamu yangu, msaidizi wake, ameshaanza hata kukohoa kama yeye. Ndipo nikampigia Baba simu, nikamwambia siku hizi naendesha mimi, na nitaingia nyumbani nimeshika usukani. Akaniuliza tutafika lini. Kisha: haya, baba, tutakupokea getini.

Upole wake ndio unaoniua.

Mpango: Mrefu anipe usukani kwenye kona ya mwisho tu. Atakataaje?

Jumamosi, 7 Desemba

Amekataa. Kaniuliza klachi ni pedeli ipi. Nikamwambia dereva hodari hatawaliwi na majina. Kacheka hadi gari likayumba.

Basi nijifunze kwa kutazama. Lakini kutoka nyuma naona masikio ya Mrefu tu, na masikio hayabadilishi gia. Nikadai nami nina kichefuchefu, nihamishiwe mbele. Wakili kanipa mfuko wa plastiki, kasema ushahidi kwanza, hukumu baadaye. Tulipofika kwenye kona za mlimani, ushahidi ukapatikana. Kunihurumia? Wapi! Kafungua dirisha lake.

Jumapili, 8 Desemba

Nimewaeleza yote, habari ya Baba na ya chuo chake. Wakili kaguswa. Kamwambia Mrefu, mpe basi, masikini, atakula nini huko duniani na mdomo ule. Sikuipenda hoja, nimeyapokea matokeo yake.

Tukapata uwanja wa mpira, mtupu. Mrefu kasema niachie klachi polepole. Nikamwambia polepole ndiyo iliyotuchelewesha sote. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Tena. Tena. Hatimaye likatembea, goli hadi goli, nami nikaona raha, mguu nimeupumzisha juu ya klachi. Ikaanza kutoka harufu ya kitu kinachoungua. Mrefu akanifokea niondoe mguu. Nikasimamisha gari nimweleze, kwa utulivu, kwamba mwalimu anayefoka ameshindwa kufundisha. Alikuwa ameinama ananusa.

Mjadala nimeshinda.

Jumatatu, 9 Desemba

Klachi imekufa, na kwetu ni nyuma ya kilima tu. Injini inanguruma, gari halisogei. Nimewahi kuona wakubwa wa namna hiyo.

Nilipendekeza tutafute fundi kimyakimya. Wakili alikuwa ameshampigia Mama. Akaja Binamu na gari la chuo, kibao cha MWANAFUNZI nyuma, kamba mkononi. Kaniamkia kwa adabu: pole, kaka, nasikia unaendesha siku hizi. Wakili akahamia kwake. Mrefu akagoma kushika usukani. Kasema aliyeua ndiye azike, akaketi pembeni yangu, macho kafumba.

Kwa hiyo sikusema uongo. Nimeingia nyumbani nimeshika usukani. Mama alianza kupunga mkono kabla hajaiona kamba. Majirani waliiona kwanza. Baba alikuwa getini, kofia kichwani, shati lake la kazi limepigwa pasi. Binamu akapunguza mwendo vizuri, bila kishindo. Mimi nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Haikuwa breki.

Kabla hatujaligonga gari la Binamu nilimwona Baba. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza mchanga, kwa nguvu, pale pale aliposimama. Mguu uliookoa nusu ya mji.

Hakunigombeza. Kanifungulia mlango, kauliza kama nimeumia. Kisha akavua kofia. Nikainamisha kichwa, nikangoja. Nilipoinua macho, Binamu alikuwa ameivaa.

Jumanne, 10 Desemba

Nimeandikishwa darasa la wanaoanza. Mwalimu: Binamu. Mwenzangu ni bibi mmoja mshonaji, anasema klachi ni kama cherehani tu, mjukuu wangu, usiikanyage kwa hasira. Ameondoa gari mara ya kwanza tu. Mimi nimelizima mpaka Binamu akaomba maji.

Mchana nimefikiri, nimepata kosa lilipo. Nimekazana na kuendesha, wakati kinachotakiwa ni kufundisha. Kuendesha ni kazi ya mikono. Kufundisha ni hoja, na nani ananishinda kwa hoja? Nitafungua chuo changu cha udereva, ng'ambo ya barabara, kitazamane na cha Baba.

Jioni nilimfuata Mrefu, yuko chini ya gari na fundi. Nikamweleza kwamba gari lake litakuwa la kufundishia. Ananyoosha mkono tu, anataka spana.

Asiyekataa amekubali. Nimeshamwambia Baba tunafungua wiki ijayo.