Kidimbwi cha Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Kanisa letu liko ghorofa ya tatu hapa mjini, juu ya duka la vitambaa la Bwana Pranlal lililo ghorofa ya pili, na halina kidimbwi cha kubatizia. Kila mwaka Mzee Wachira, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, hutupeleka Loresho kuazima cha kanisa la wenyewe. Tunarudi tumelowa, na yeye ndiye anayeshukuriwa! Uchaguzi wa kamati ni Jumapili, baada ya ubatizo. Nikijenga kidimbwi humu humu ukumbini, uenyekiti ni wangu. Nautaka, sifichi. Miaka minane nimekuwa mtu wa kupanga viti vya wengine.

Jumanne, 4 Machi
Pasta Kuria amekubali, ila ameuliza maji yatakuwa na uzito gani. Swali dogo! Nimebeba mtungi wa lita ishirini hadi bucha fulani Dagoretti, tukauning'iniza kwenye mizani ya nyama. Kilo ishirini na moja, mtungi wenyewe ukiwemo. Wateja wameniangalia vibaya. Kisha hesabu: kidimbwi ni mita tatu kwa mbili, kina mita moja. Tatu mara mbili mara moja, sita. Mitungi sita! Kilo mia moja ishirini na sita. Wachira na mkewe wakisimama pamoja wanapita hapo, na sakafu haijawahi kulalamika.

Jumatano, 5 Machi
Debra, binti ya dada yangu, anasomea uhandisi. Amesoma daftari langu akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Anadai mita moja ya ujazo inabeba lita elfu moja, kwa hivyo hapo kuna lita elfu sita, na kila lita ni kilo. Ati tani sita! Nikamwuliza ametumwa na nani. Akasema ametumwa na hesabu. Nikamwambia sawa, hata kama ni kweli, mtu akiingia majini huwa mwepesi, kila mtu anajua. Waumini kumi na wanne wa kubatizwa wakiingia, kidimbwi kitapungua uzito! Akaweka kikombe chini, akasema mjomba, sakafu itabeba maji pamoja na hao watu wote. Watoto wa siku hizi wamesoma sana.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi amemaliza. Mbao na turubai la buluu, kinapendeza ajabu! Wachira amepita, akagonga mbao mara mbili, akasema kwa upole kwamba namba ya watu wa Loresho bado anayo. Ashindwe!

Jumamosi, 8 Machi
Tulifungua mpira wa maji saa tatu asubuhi. Yalipofika magotini, Pranlal akapanda ngazi mbio, mwavuli mkononi, nywele zimejaa plasta. Akasema dari yake imeota tumbo, na mteja wake Simran amekataa kuchagua sari chini yake. Nikamweleza asiwe na wasiwasi, tunatafuta waumini wachache waingie ndani tupunguze uzito. Akafungua mwavuli. Kisha kitu kikalia "kra!" chini yetu. Niliogopa, kusema kweli. Debra akatupa ncha moja ya mpira nje ya dirisha hadi kwenye mtaro, akashuka mbio, akavuta maji kwa mdomo mpaka yakaanza kutoka yenyewe. Yaliisha saa kumi. Wachira alishapiga simu Loresho, na namba alikuwa ameikariri.

Jumapili, 9 Machi
Tumebatizia Loresho. Tumerudi tumelowa. Wachira amechaguliwa tena kwa vigelegele. Nimepata kura mbili: yangu, na ya Debra, ambaye anasema ni ya pole.

Jioni nimeenda kumwomba Pranlal msamaha. Mtu mwema, amenipa chai. Amesema jambo moja tu: hataki kusikia tena habari ya tani sita juu ya kichwa chake. Nimemsikiliza kwa makini sana. Nimerudi nyumbani nikapiga hesabu upya, safari hii sawasawa, kama Debra alivyonifundisha.

Vidimbwi sita vidogo, vimepangwa bega kwa bega. Kila kimoja tani moja. Tani sita amezikataa, lakini tani moja hajasema kitu! Fundi anakuja kesho.